Chiriku na Presha ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia Bibi uzi kwenye sindano. Bibi alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watoto wa mtaa ule walivaa sare alizozishona yeye. Lakini sasa mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili, akawa anashona kwa kupapasa. Juzijuzi tu alimshonea muuza duka suruali yenye mfuko kwenye goti, jamani!

Daktari wa macho alikuwa tayari kumfanyia upasuaji. Kikwazo kilikuwa presha. Kila Bibi alipokwenda ilikutwa juu, akarudishwa nyumbani. "Presha ikiwa hivi siwezi kugusa jicho," daktari alimwambia. "Meza dawa kila siku, kisha urudi baada ya miezi miwili."

Shangazi akanunua mashine ndogo ya kupimia presha. Chiriku, ambaye hakupewa jina hilo bure, maana mdomo wake haukujua likizo, akajipa udaktari.

Lo, kupima kwenyewe sasa! Bibi akitoka tu jikoni, hata hajakaa vizuri, anavishwa mkanda mkononi. Mama anasimama huku, Shangazi kule, na Chiriku anatangaza kama mtangazaji wa mpira: "Inapanda! Inapanda! Bado inapanda... Mungu wangu, Bibi!" Mama anashika kichwa. Shangazi anasema, "Hebu pima tena!" Wakipima tena, wanakuta imezidi. Bibi mwenyewe moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka.

"Basi mimi nitakufa kipofu," alisema jioni moja, machozi yakimlengalenga.

Maneno yale yalimchoma Chiriku. Kesho yake alipopima, alifunika kioo cha mashine kwa kiganja akasema, "Bibi, imeshuka! Iko sawa kabisa!" Bibi akacheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Basi Chiriku akaendelea hivyo hivyo siku baada ya siku, na moyoni akajiona ametenda wema.

Siku moja alitumwa mkasi kwenye droo ya Bibi, akaziona dawa za presha zimejaa vilevile.

"Bibi, mbona humezi dawa zako?"

"Nimeze za nini, mjukuu wangu? Si wewe unayeniambia nimepona?"

Kwanza Chiriku alitaka kunyamaza. Lakini aliogopa kumpoteza Bibi kuliko alivyoogopa kugombezwa, akayasema yote huku analia.

"Kamwite mama yako," Bibi alisema. "Twende kliniki."

Kliniki walimkuta muuguzi mmoja mcheshi. Alimpima Bibi, akaona presha iko juu sana, akampa dawa papo hapo. Kisha akasema, "Hebu nionyesheni mnavyopima nyumbani." Wakamwonyesha, Chiriku akitangaza kwa sauti ndogo ya aibu. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza.

"Jamani! Kwa kelele hizo, hata mimi presha ingenipanda!"

Akamkalisha Bibi kwenye kiti chenye egemeo, miguu sakafuni bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mama akaombwa asubiri nje. "Na wewe binti, mdomo utie kufuli." Wakakaa kimya mpaka pumzi za Bibi zikatulia, ndipo muuguzi akapima tena. Ilikuwa imeshuka.

Chiriku aliruka. "Kumbe hana presha! Ni woga tu!"

"Pole pole, dada," muuguzi alisema. "Imeshuka hata kabla dawa haijafanya kazi, lakini bado iko juu. Kilichoondoka ni woga. Iliyobaki ni presha yenyewe, na hiyo haiondoki kwa kukaa kimya wala kwa maneno matamu. Inataka dawa kila siku, hata siku ambayo Bibi anajisikia mzima. Inataka chumvi kidogo, na miguu itembee."

Wakarudi nyumbani na kazi. Bibi akameza dawa bila kuruka siku. Mama akajizuia kwenye chumvi, ingawa Shangazi alinung'unika mpaka akazoea. Jioni Chiriku na Bibi walitembea wameshikana mikono. Kupima kukawa kwa utulivu, na Chiriku akasoma namba kama ilivyo. Kuna siku ilipanda, Bibi akaguna tu, "Haya, tutaona kesho." Lakini kwa jumla iliendelea kushuka, na siku waliyorudi kwa daktari wa macho, alitazama mashine yake akasema, "Leo tunafanya."

Bandeji ilipofunguliwa, Bibi alimtazama Chiriku kwa makini.

"Una kovu kidevuni. Ulianguka lini?"

"Mwaka jana, Bibi." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bado umenikasirikia?"

"Najua ulinidanganya kwa kunipenda," Bibi alisema akimvuta karibu. "Lakini nisikilize. Ukinipa habari mbaya ya kweli, nitaogopa, halafu nitameza dawa. Ukinipa habari nzuri ya uongo, nitafurahi, halafu nitaacha dawa. Sasa niambie, ipi ingeniua?"

"Ile nzuri," Chiriku alijibu, na siku hiyo hakuongeza neno.