Jina la Tatu Kitabuni

Nyayo zilikuwa za watu watatu.

Khodor aliziona asubuhi ya siku ya pili, alipogeuka kumsubiri mkewe afunge kamba za kiatu. Maji yalikuwa yameshuka na ufuo ulikuwa mtupu hadi upeo wa macho. Zake zilikuwa pana, za buti. Za Nuhad zilikuwa nyembamba, zimezama upande mmoja kwa uzito wa shanta. Katikati yao zilipita nyingine, za miguu mitupu, ndogo kiasi kwamba angeweza kuzifunika kwa kiganja.

"Unatazama nini?" Nuhad aliuliza.

"Ndege tu."

"Ndege gani? Tangu jana unageukageuka kama mwizi wa kuku."

Khodor akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamkera. Hakumwambia kitu, kwa sababu kusema alichokiona kungemlazimu kusema alichokifanya.

Nuhad alikuwa na mimba ya wiki tisa. Mbili za kwanza zilitoka, na kila mara Khodor alikuwa ameshaitangaza mtaa mzima wa Punchbowl, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa muuza mikate ya viungo vya zatari. Safari hii Nuhad alimwapisha kwa msahafu: asiambiwe mtu, wala lisitajwe jina, mpaka miezi minne itimie na roho ipulizwe. Daktari alisema kutembea hakuna madhara, wakabeba hema na mashanta, wakashika njia ya pwani kusini mwa Sydney, siku nne, kambi tatu.

Sasa, kila kambi ina sanduku la bati, na ndani yake kitabu na penseli iliyofungwa uzi. Mpita njia huandika jina, idadi ya wenzake, simu ya jamaa yake, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Asiyeandika kutoka hutafutwa. Jana, Nuhad alipokwenda kuchota maji tangini, Khodor alishika ile penseli, moyo umemjaa, adhuhuri hajaiswali na bismillahi hajaitaja. Akaandika watu watatu. Khodor. Nuhad. Yazan.

Alijiambia si kutangaza huko. Ni kitabu tu, nani atakisoma?

Kufikia saa sita jua lilikuwa kali na upepo unasukuma mchanga magotini. Khodor aliisikia hatua ya tatu, nusu hatua nyuma yao, ikisimama waliposimama. Kisha ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha, na ilitoka ndani ya shanta lake, ambamo hamkuwa na maziwa. Alilishusha, akalikung'uta, akanusa soksi, mkate, makopo ya samaki.

"Umebeba jibini?" Nuhad aliuliza, amefunika pua.

"Sina jibini."

"Basi ni wewe. Ukaoge baharini, baba."

Walipoendelea, shanta lilikuwa zito zaidi, na Khodor aligeuka tena ingawa aliapa hatageuka, akaona kwamba zile nyayo za katikati hazikuwa tena za kufunikwa kwa kiganja, zilikuwa za mtoto wa kwenda shule, vidole vimetanuka, na kila moja imejaa maji ilhali mchanga wote uliozizunguka ulikuwa mkavu.

Waliingia kambi ya pili alasiri. Khodor alikimbilia sanduku kabla ya mkewe, akiwa ameazimia kuandika watu wawili na kuyamaliza. Akafungua ukurasa. Majina yao yalikuwa yameshaandikwa, kwa hati yake yeye, ile herufi ya kwanza yenye mkia anaouvuta tangu darasa la nne, na chini yake Yazan, na mbele ya Yazan saa ya kuingia: saa saba mchana, wakati wao walikuwa bado mbali ufuoni na hakuna binadamu mwingine aliyekuwa njiani.

"Khodor," Nuhad aliita nyuma yake, kwa sauti ya chini. Alikuwa ameinama, mkono tumboni. "Linabana. Kama zile mara mbili." Akaenda nyuma ya kichaka, akatoka uso umempauka. "Kuna damu. Kidogo."

Ndipo Khodor akapiga magoti, akakiri yote: jina, kitabu, nyayo, swala aliyoiacha. Nuhad alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulimi umeufunga," alisema, "ukatumia mkono."

Walipanda mwambani penye mtandao, wakampigia Hajati Munira, mamake Nuhad.

"Umemwita kwa jina mtoto asiye na roho bado," alisema yule mama, taratibu, kama anayeogopa kusikiwa. "Jina tupu ni nyumba isiyo na mtu, Khodor. Mpita njia ameona mlango wazi."

"Nitalifuta, mama. Nitalichana."

"Thubutu! Ukilifuta unamfuta na aliye tumboni, maana sasa wamo wawili ndani ya jina moja. Mtoe kama alivyoingia. Si kuna mahali pa kuandika kutoka? Mwandike ametoka. Kote kuwili. Na uswali kwanza, wewe bwana, maana mkono wako hauna uzito."

Khodor alitawadha kwa maji ya chupa, akaswali, akalia kwenye sijida. Kisha akaandika: Yazan, ametoka, peke yake. Wakarudi njia yote kwenda kambi ya kwanza, Nuhad akimshika bega, Khodor akisoma Ayatul Kursiyu bila kukata, na ile hatua nyuma yao ikawa nzito kama ya mtu mzima, ikaja karibu hadi pumzi yake baridi ikamgusa kisogoni, wala hakugeuka, hata ilipomwita "baba". Mwanga wa mwisho uliwakuta mbele ya sanduku la bati. Akaandika yale yale. Penseli ikavunjika kwenye nukta ya mwisho, na shanta likawa jepesi mgongoni.

Damu ilikoma usiku huo. Miezi saba baadaye akazaliwa binti, mzima, mwenye nywele nyingi.

Siku ya sita simu ililia asubuhi. Kesho yake wangemnyoa mtoto na kumpa jina. Jina lenyewe Nuhad alimnong'oneza mumewe alfajiri ile, chini ya shuka, na Khodor, aliyekwisha kufunzika, hakulitamka hata kwa Hajati.

"Habari, ndugu. Naitwa Darcy, mlinzi wa hifadhi huku pwani. Kuna watu wameandika namba yako kitabuni kambi ya kwanza. Wameingia alfajiri, hawajaandika kutoka, na hema silioni. Ni nyayo tu, zinaelekea majini."

Khodor akauliza, "Jina?"

"Yazan. Ni ndugu yako?"

"Hapana. Simjui. Huyo si wetu."

"Sawa. Na huyu wa pili? Wameandika watu wawili." Karatasi ikachakarika. "La... Lamis. Natamka vizuri?"

Simu ilianguka. Khodor aliingia chumbani. Nuhad alikuwa amelala. Kitandani mwake mtoto alikuwa macho, kimya, anatazama mahali fulani juu ya bega la babake, na chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha. Khodor akafunua blanketi akisoma kila alichokijua. Mtoto alikuwa anapumua. Lakini nyayo zake, ambazo hazijawahi kugusa ardhi, zilikuwa zimejaa mchanga mbichi.

Akaanza kuupangusa. Alipangusa hadi adhana ya adhuhuri, na mchanga ulikuwa bado unatoka.