Punje Haongezeki

Fundi cherehani alikuwa akimvalisha bintiye gauni alilomshonea mwaka uliopita. Ghafla mikono yake ikasita. Gauni lilimkaa mtoto sawasawa, kana kwamba limetoka mashineni jana.

Mtoto huyo, waliyemwita Punje, alikuwa na miaka miwili na nusu. Fundi mwenyewe, mwembamba na mrefu, alizaliwa bondeni, kwenye joto. Mumewe, mvunja kokoto, alikuwa mtu wa huku mlimani: mfupi, kifua kipana kama mlango. Kila mkewe alipotaja udogo wa mtoto, alicheka na kusema damu ya mlimani haijifichi.

Siku hiyo, mkewe alipomwonyesha gauni, hakucheka. Mama yake mzazi alikuwa ameketi papo hapo, na mume aliona ukoo wake mzima umetukanwa.

"Mwanangu ana kasoro gani?" aliuliza. "Kufanana na mimi?"

"Angefanana na wewe, Baba Punje, angekuwa anaongezeka."

Uso wa mume ukakunjamana. Fundi akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati. Hajamaliza kumweleza muuguzi shida yake, mume akaingia. Alikuja kuwarudisha nyumbani, akisisitiza kwamba udogo wa mtoto ni damu ya mlimani tu. Muuguzi akampa kiti, akampima mtoto.

"Baba, hujakosea," alimwambia. "Mahali huchangia kuujenga mwili. Huku juu hewa ni nyepesi na kuna baridi, ndiyo maana wengi wenu mna vifua vipana na miguu mifupi. Kwenye joto, mwili mwembamba hupoa upesi. Lakini mtoto mwenye afya hukua, awe wa mlimani au wa bondeni. Huyu ameacha kukua."

Akawauliza kuhusu maji. Waliteka kijitoni, chini ya zizi la ng'ombe, na kwa kuwa yalikuwa maangavu hawakuyachemsha. Na kuharisha? Mara kwa mara. Bibi yake Punje, mama wa mume, alisema ni meno yanaota. Chakula kilikuwa uji mwepesi na viazi. Muuguzi akaeleza kwamba kinyesi cha zizini huingia kijitoni na maji hayo, hata yakiwa maangavu, huleta kuharisha; kwamba tumbo linaloharisha kila mara halifaidi chakula, na chakula cha aina moja hakitoshi kumkuza mtoto.

Baba akainamisha kichwa. "Tumechelewa?"

"Bado mdogo. Anzeni leo. Na mniletee nimpime kila mwezi."

Jioni hiyo bibi alisonya, akasema maji ya moto ni ya wagonjwa. Mwanawe hakubishana naye. Alikoka moto, akayachemsha mwenyewe. Uji ukawa mzito, ukatiwa karanga zilizosagwa. Maharage, mayai na mboga za majani vikaingia sahanini. Kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, kila mtu alinawa kwa sabuni, bibi naye, huku akinung'unika.

Wiki za kwanza hazikuonyesha kitu, na fundi alikosa usingizi. Kisha kuharisha kukakoma. Miezi ikapita. Siku moja, wakitoka zahanati kumpima mtoto, muuguzi akiwa ameridhika na uzito wake, baba alimbeba Punje mabegani. Katikati ya mlima akasimama, anahema.

"Shuka, mama," alimwambia. "Umenilemea."

Mkewe, nyuma yao, alicheka mpaka akakaa chini.