Kabla Mtoto Hajacheza

Hhando wa Gehandu alikuwa mume mpole, ila aliwapenda ng'ombe wake kupita kiasi. Kila asubuhi aliwasalimia kwanza, mmoja mmoja kwa jina.

"Leo mimi ni wa ngapi?" mkewe Zita alimtania.

"Wewe ni wa mwisho, ili nikae kwako zaidi."

Zita alicheka. Walipendana sana hawa wawili.

Siku hizo josho la kijiji lilikuwa limekauka. Kila mfugaji alinunua dawa ya kupe dukani na kuogesha mifugo nyumbani. Hhando alishika pembe, na Zita akabeba bomba mgongoni na kupuliza dawa.

Lakini Zita alikuwa na siri. Alikuwa hajaona siku zake kwa miezi miwili. Mwaka uliopita alipata mimba, ikatoka. Sasa aliogopa kuipoteza na hii. Mama mkwe wake, Bernadina, aligundua akamwonya, "Usiseme kwa mtu, hata kwa mumeo. Hiyo bado ni damu tu. Mtoto akicheza tumboni, ndipo tutasema." Ndiyo desturi aliyolelewa nayo.

Asubuhi moja jirani yao Judica, nesi wa zahanati, alikuja kununua maziwa. Alimkuta Zita anatapika kando ya zizi, bomba likiwa mgongoni.

"Shikamoo mama," alimwamkia Bernadina. Kisha akamgeukia Zita. "Unaumwa, mdogo wangu?"

Zita alimtazama mama mkwe. Akapiga moyo konde.

"Nina mimba, dada. Naogopa itatoka tena."

Hhando aliachia pembe. Ng'ombe akajiendea zake.

"Usitaje!" Bernadina alifoka. "Hakuna mtoto bado!"

Judica alimvua Zita bomba, akamwambia akanawe kwa sabuni na kubadili nguo. Zita aliporudi, wote waliketi.

"Mama, mtoto huanza mapema," Judica alisema. "Mume na mke wakilala pamoja, mbegu ya baba hukutana na yai la mama. Vinaungana na kuwa kitu kimoja, kidogo sana. Kinagawanyika, kinakua, kinasafiri mpaka kwenye mji wa mimba na kujishikiza humo. Hata kabla mwezi wa pili haujaisha, moyo unadunda."

"Moyo?" Hhando aliuliza kwa mshangao.

"Ndiyo. Mikono na miguu inachipua. Mwezi wa tatu ana vidole, na viungo vyake karibu vyote vimeshaanza kuumbika. Hucheza mapema, ila ni mdogo mno, mama hasikii. Wengi husikia kwenye mwezi wa tano. Miezi inayobaki anakomaa na kunenepa. Basi hiyo miezi ya mwanzo, tunayoificha, ndipo anapoumbwa. Dawa ya kupe ni sumu. Mjamzito akae mbali nayo."

Hhando alijipiga paja. "Mama, ng'ombe asipotafuta dume tena, mimi najua ameshika mimba. Simchapi, simkimbizi. Sisubiri ndama acheze! Sasa mke wangu ndiye nisubiri?"

Bernadina alivuta shuka lake mabegani.

"Zangu zilitoka mbili," alisema polepole. "Nilikuwa nalima mpaka jioni. Niliwaua?"

Judica alimshika mkono. "Hapana, mama. Mimba nyingi hutoka bila mtu kukosea. Hata ile ya Zita, siwezi kusema ilitoka kwa nini. Lakini hii tuitunze."

Tangu siku hiyo Hhando alipuliza dawa mwenyewe, mdomo na pua amefunga kitambaa, na jirani akamshikia pembe. Zita alianza kliniki mapema. Alipimwa, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Aliyemsindikiza ni Bernadina mwenyewe, na njiani alimwambia kila aliyemsalimia kwamba anatarajia mjukuu.

Zita alijifungulia zahanati, mtoto wa kike mwenye afya. Bernadina alimpokea, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wale wangu niliwapa majina," alimwambia Zita kwa sauti ya chini. "Moyoni tu. Watu walisema ni damu, nami nikasema hivyo hivyo. Wa kwanza nilimwita Tadeo. Wa pili, Hilaria."

Zita alinyoosha mkono, akamgusa mtoto shavuni.

"Basi huyu ni Hilaria, mama," alisema. "Mwite kwa sauti, wote wasikie."