Kandamwili na Bega la Hidaya

Viganja vinane vya Kandamwili vilishuka kutoka darini kwa pamoja, bila sauti, vikatua mgongoni mwa Hidaya Semboja. Vilikuwa vya mpira laini, vyenye joto lile lile la mkono wa mtu, na katika kila kidole kulikuwa na kisomafundo, kijidude kidogo kuliko punje ya mtama, kazi yake kusoma msuli umekaza wapi na umekaza kiasi gani. Viganja viwili vilishika shingo, vinne vikatembea kando ya uti wa mgongo, viwili vya mwisho vikaelekea bega la kushoto. Huko begani ndiko kulikokuwa na kazi.

Nyuma ya kioo, Mhandisi Saumu Mwinjuma aliuma kucha. Mashine ni yake. Aliibuni mwenyewe, hapa hapa Tanga, na mji mzima ulimjua kwa hiyo. Leo angeweza kuipiga teke.

"Haya, fungua basi," alinong'ona. "Fungua, nakuomba."

Kwenye skrini, doa jekundu lilikuwa limekaa chini ya mfupa wa bega. Vidole vikazama taratibu. Doa likaanza kufifia. Hidaya akavuta pumzi kwa nguvu, mgongo ukatetemeka, na papo hapo viganja vikaruka juu kama vimegusa sufuria ya moto. Doa likarudi vile vile. Vikajaribu tena, vikakimbia tena. Mara saba! Kisha ile sauti tamu ya mashine ikasema, "Kikao cha kumi na mbili kimekwisha. Fundo halikufunguka. Pole sana."

"Pole na wewe!" Saumu akafoka, akaizima.

Miaka hiyo hakuna tena aliyebishana kwamba huzuni hukaa mwilini. Hofu hukaza taya, hasira hukaa mabegani, msiba hujikunja popote unapopata nafasi. Tangu kituo kifunguliwe miaka sita nyuma, watu elfu arobaini walikuwa wamelala kwenye vitanda kama kile, wakakandwa vikao kumi na viwili, wakaandikiwa 'amepona'. Kwa Hidaya, wapi! Alikuwa msusi wa nywele, ana miaka ishirini na saba. Miezi mitano iliyopita alijifungua mtoto wa kiume, mtoto akaishi siku nne, na siku zote nne alilala kwenye bega la kushoto la mama yake. Siku ya tano mkono ule ukagoma kupanda juu ya kifua. Picha zilipigwa, damu ikapimwa, hakuna kilichovunjika wala kuchanika.

Dokta Mhando, mkuu wa tiba, alisoma ripoti akiwa amesimama. "Basi, Mhandisi. Utaratibu unajulikana. Kesho saa nane mchana tunamwekea kizimahisi."

Kizimahisi kilikuwa chipu ya kupandikizwa kwenye neva. Mkono ungepanda, ndiyo, na Hidaya angesuka tena. Lakini bega lisingehisi kitu, si baridi, si joto, si mkono wa mtu, mpaka anaingia kaburini.

"Dada Saumu," Hidaya alisema daktari alipotoka, akihangaika kufunga vifungo kwa mkono mmoja, "mie sikatai kupona. Lakini hapa ndipo alipolala. Mpaka leo nahisi uzito wa kichwa chake. Wakipazima hapa, nitabaki na nini?"

Saumu alimfunga vifungo viwili vilivyobaki.

Aliikagua mashine mpaka adhuhuri ikapita. Viganja vizima, visomafundo vizima, programu haina kosa hata moja. Akakipiga kitanda teke, akaumia kidole, akaenda kwa mama yake Ngamiani akichechemea.

Bi Mashavu alikuwa barazani akichambua mchele ambao ulishachambuliwa. Zamani huyu ndiye aliyekuwa mkandaji wa Tanga. Wazazi waliotoka kujifungua, wajane, watu waliochoka tu na dunia, wote walipita mikononi mwake. Ndipo mwanawe akamvisha glavu nyembamba zenye vinasa-mguso, akazivaa mwaka mzima, na kila alivyobonyeza na kusugua kukaingia kwenye Kandamwili. Mashine ilipoanza kazi, mlango wa Bi Mashavu haukubishwa hodi tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hayo mamikono yako hayajui kupika?"

"Mama, usinianze. Nimeshachoka leo." Akaketi, akamweleza yote: bega, mtoto wa siku nne, kizimahisi cha kesho. "Mashine inapofika penyewe, inaondoka. Inafanya kila kitu kama wewe, halafu inaondoka!"

"Mimi nilimwondokea nani?"

"Ina kanuni ya kwanza. Isiumize. Pumzi ikikatika, msuli ukitetemeka, inajua mtu anaumia, inaacha."

Bi Mashavu aliweka ungo chini. "We mtoto, pumzi ikikatika ndiyo kilio kinakuja. Hapo ndipo pa kushika. Mwaka mzima nimevaa maglavu yako, hukuona watu wakilia?"

Saumu aliona. Alikumbuka vizuri sana. Kila mahali penye kilio, glavu zilitetemeka na vipimo vikavurugika, naye aliketi ofisini akakata sehemu hizo kipande kwa kipande mpaka rekodi ikawa safi. Na sauti, maneno yote ya mama yake, porojo, matani, makaripio, alivifuta pia. Kwenye jedwali alikuwa ameviandika 'kelele'.

"Nilivikata," alisema. "Nilidhani ni makosa."

Mama yake aliusogeza ungo kando. "Na mie nikakaa hapa miaka sita," akasema, "nikidhani mashine yako imenishinda." Sauti yake ilikuwa na hasira. "Mlete huyo mtoto wa watu. Kesho asubuhi. Na aje na kanga ya kubadilisha."

Asubuhi Hidaya alikalishwa kwenye kigoda chumbani kwa Bi Mashavu, ndoo ya maji ya moto ikifuka mvuke pembeni. Ilikuwa ile kazi ya kumkanda mzazi, ya siku arobaini, ambayo Hidaya hakuipata hata siku moja. Mtoto alipokufa, ndugu zake waliona hakuna tena haja, wakampeleka kituoni.

Bi Mashavu alichovya kitambaa kizito, akakikamua. Mikono yake ilikuwa na miaka sita haijamgusa mtu.

"Jina lake nani?" akauliza, akiweka kitambaa begani.

"Hakupewa. Hakufika siku ya saba."

"Sijauliza alipewa nini. Wewe ulimwita nani?"

Kitambaa kikashuka chini ya mfupa, na dole gumba la yule mama likaingia pale pale penye doa jekundu. Pumzi ikakatika. Mgongo ukatetemeka. Saumu, mlangoni, alijikuta amekunja ngumi. Mkono wa mama yake haukuondoka.

"Nasri," Hidaya akasema, kisha akapiga ukelele uliosikika mpaka mtaa wa pili.

"Bi Mashavu!" jirani akaita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Una mzazi humo?"

"Ninaye! Maji ya moto haya!"

"Mkande, shoga! Hongera yake!"

Hakuna aliyewahi kumwita Hidaya mzazi, wala kumpa hongera. Aliposikia alilia vibaya, kwa makamasi, kwa sauti isiyo na haya, na kule nje kila aliyesikia alijua ni maji tu, akaendelea na shughuli zake. Bi Mashavu alikanda, akamkaripia, akamtania kwamba anapiga kelele kuliko aliyezaa pacha, naye machozi yakimtiririka yeye mwenyewe. Walipomaliza, Hidaya alichukua ncha ya kanga akajifuta uso. Alijifuta kwa mkono wa kushoto. Aliuangalia mkono wake, akarudia kujifuta, polepole.

"Bado siku thelathini na tisa," Bi Mashavu akasema. "Usidhani umeniponyoka."

Saumu alitoka akaketi kwenye ngazi. Alipaswa kufurahi. Badala yake alifungua kumbukumbu za kituo kwenye simu yake, akauliza swali ambalo hajawahi kuliuliza: ni kwa wagonjwa wangapi Kandamwili iliwahi kukimbia katikati ya fundo?

Jibu lilikuja mara moja. Wote.

Wote elfu arobaini. Ilifika penyewe, ikaogopa, ikaacha, kikao baada ya kikao, mpaka msuli ukachoka kuomba ukanyamaza. Nayo mashine ikasoma ule ukimya, ikaandika 'amepona'. Hidaya peke yake ndiye aliyekuwa na mwili mbishi. Orodha ilianza na nambari moja, mtu wa majaribio: Saumu Mwinjuma. Sababu: kufiwa na baba. Amepona.

Alikumbuka siku ile. Alishuka kitandani mwepesi, akarudi kazini jioni ile ile, na watu wakamsifu kwa kujikaza.

Simu ikalia. "Mgonjwa yuko wapi?" Dokta Mhando aliuliza. "Chumba cha upasuaji kinaandaliwa."

"Yuko kwa mama yangu. Kizimahisi hakiwekwi. Mkono unapanda."

"Amepona?"

"Analia."

"Mhandisi, fomu haina sehemu ya hivyo. Anayelia ameshindikana."

"Basi fomu ni takataka! Na aliyeiandika ni mimi." Saumu alishusha sauti. "Funga kituo, Dokta. Wale wote tuliowaandikia 'amepona' waitwe."

"Waje wafanyiwe nini?" Mhando akauliza, na safari hii hakuuliza kwa ubishi.

Saumu aligeuka kumtazama mama yake mle ndani, mwanamke mmoja wa miaka sabini na moja, mwenye mikono miwili. "Sijui," akasema, akakata simu.

Bi Mashavu alikuja mlangoni akikamua kitambaa. Alimtazama mwanawe, mabega yake yaliyopanda mpaka masikioni, taya lake. Labda alikuwa akiyaona miaka yote sita.

"Maji yamebaki nusu ndoo," akasema. "Bado ya moto. Nimwage?"

"Usimwage," Saumu akajibu, akaanza kufungua vifungo vya shati.