Sauti ya Mukubwa wa Kengele

Soko kuu la Bunia lilijaa siku hiyo mpaka ukipiga chafya, jirani ndiye anayepangusa pua. Wivine, binti wa kutoka Mahagi, kikwembe cha manjano kiunoni, alikuwa akimkaripia mteja aliyebonyeza samaki zake za chumvi moja moja bila kununua.

"Papa, makayabo si mutoto, acha kumufinya! Ununue ao uende!"

Mwanaume mmoja akacheka nyuma yake. Mrefu, vidole vina madoa ya rangi ya nyumba, maana rangi ndiyo biashara yake. Aliitwa Josaphat, wa kutoka Butembo.

"Mama, hiyo sauti yako nimeitafuta Bunia muzima."

"Unataka samaki ao sauti?"

"Sauti kwanza. Minataka ukuwe dikteta."

Nusura makayabo yamruke mkononi. Josaphat akaeleza haraka: ametunga mchezo wa redio ndogo ya mtaani kwao, kartye Lumumba. Ni mji ambao Mukubwa wake amemfunga kila mtu kengele shingoni kama mbuzi, asikie nani anaamka, nani anamwendea nani. Msichana mmoja anajaza bugali ndani ya kengele yake, isilie.

"Na yeye atakula nini?" Wivine akauliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza Josaphat hilo. "Analala njaa," akasema polepole. "Lakini anatembea."

Neno hilo likamwingia Wivine. Akakubali.

Kila Jumapili mchana, watu waliacha sahani wakasogelea redio. Wivine alinguruma kama Mukubwa. Sandrine, jirani yake wa meza ya sokoni, alikuwa msichana wa bugali. Josaphat alitikisa kengele za mbuzi kwa mkono mmoja, kwa mwingine akashika mabutoni ya studio. Jumatatu wateja walimsalimia Wivine: "Jambo Mukubwa, umesikia vile nimetembea?" Na mapenzi nayo hayakungoja ruhusa ya mtu.

"Wivine, minakupenda mpaka mbali."

"Mbali wapi? Utafika Epulu, kule pori ya okapi, ao utachoka njiani?"

"Nafika, nalala, naleta okapi kwa ndoa yetu!"

Walikubaliana: baada ya Pasaka, Josaphat ataenda Mahagi na baba zake wadogo kuomba mchumba.

Kisha mtu akaja kwenye duka la rangi la Josaphat, akamnong'oneza kwamba Wivine ameonekana juu ya pikipiki, ameshika mwanaume kiuno. Kumbe ni Anaclet, kaka yake wa tumbo moja, amekuja kutembea. Josaphat hakuuliza hilo. Alianza kupiga simu.

"Uko wapi?"

"Soko."

"Uko na nani?"

"Na samaki, sheri wangu."

"Tuma picha nione."

Mwanzoni Wivine alicheka, akatuma samaki aliyeachama mdomo. Lakini simu zikazidi. Akisuka nywele, simu. Akitoka misa, simu. "Juu ya nini umekawia kuitika?"

"Yaya," Sandrine akamwambia kama kwa dada mkubwa, "huyu bwana iko nakupenda ao iko nakuchunga?"

Akamsimulia na uvumi wa pikipiki uliokwisha kuzunguka soko. Wivine alimpenda Josaphat, hapo ndipo palipouma. Akajiambia: kama Josaphat hawezi kujisikia mwenyewe, Mahagi hatafika.

Jumapili ikaja. Katika mchezo, msichana anafikishwa mbele ya Mukubwa. Wivine akageuza karatasi yake chini, akasogelea mikro.

"Uko wapi? Uko na nani? Tuma picha nione! Juu ya nini umekawia kuitika?"

Josaphat akayatambua. Maneno yake yote, hata ile pumzi ya hasira. Kidole chake kilikuwa juu ya butoni ya kukata mikro. Angekata, aweke muziki, aseme umeme umekatika, na Bunia yote ingeamini.

"Nani alikubeba ku pikipiki?" Mukubwa akanguruma.

"Kaka yangu, Mukubwa," Sandrine akajibu, naye bila karatasi. "Tumbo moja. Ungeuliza tu."

Josaphat akaondoa kidole. Akaziweka kengele chini, akamwacha Wivine aseme mpaka mwisho. Hewani kukawa kimya pale zilipopaswa kulia, na wasikilizaji walisema hakuna mchezo uliowahi kuwatikisa hivyo.

Nje ya studio Josaphat akamfuata Wivine.

"Nilizani huyu Mukubwa nilimutunga. Kumbe nilimutoa ndani yangu. Unisamehe, Wivine. Kama Mahagi hunitaki tena, useme tu."

Wivine akamtazama. Kuandika uhuru mpaka mji ulie ni kazi kubwa. Lakini mwanaume huyu, uhuru ulimjia na matope miguuni, ukamtukana mbele ya mji mzima, naye akauacha upite. Wanaume wa hivyo wangapi?

"Kesho ninaenda Mahagi kwa mama pamoja na Anaclet. Telefone nitazima."

"Sawa."

"Huniulizi nitarudi lini?"

Swali lilimfika Josaphat mdomoni, likaonekana kabisa, akalimeza. "Hapana."

Wivine akaanza kucheka, macho yamejaa machozi.

"Basi kuja na siye. Mu gari iko nafasi. Mama anataka kuona mutu anaandika vile. Na ba papa wadogo wako, waite weye mwenyewe. Pasaka iko mbali sana."

Josaphat akatoa simu, akaanza kuwapigia baba zake wadogo. Sandrine, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, ndiye aliyepiga vigelegele.