Kuhema kwa Kalolaine

Feleti alikuwa akichagua magimbi kwenye soko la Jumamosi la mtaa wa Ōtara alipogongana na mwanamke wa gauni la manjano, akikokota mtungi mdogo wa oksijeni. Mrija ulimwingia puani. Feleti aligeuka kumwomba radhi. Alikuwa Kalolaine.

Hawakuwa wameonana kwa miezi minane. Kabla ya hapo walipendana hasa. Feleti alimuuguza saratani ya damu, akamshika mkono siku alipowekewa uboho wa dada yake, na ugonjwa ulipotoweka wakaanza kupanga harusi. Kisha Kalolaine akawa anakwepa matembezi. Jioni moja Feleti alimpigia simu, akamsikia anahema.

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu, mpenzi. Nimepanda ngazi tu."

"Ngazi gani za kukuhemesha hivyo? Ni mwanamume gani huyo?"

Kalolaine alikata simu. Kwa hasira, Feleti akawatangazia wanakwaya wenzake kwamba mchumba wake ni mhuni.

Sasa, pale sokoni, Feleti alishindwa kumtazama usoni. "Saratani imerudi?"

"Haijarudi. Uboho wa dada uliimaliza, halafu ukayageukia mapafu yangu. Madaktari wanasema huwapata wachache." Akavuta pumzi. "Sikuwa na mwanamume, Feleti. Sikuwa na hewa."

Feleti alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, mpenzi."

"Hapa, kando ya magimbi? Ulinichafua mbele ya kwaya. Kanisafishe huko huko, halafu unipigie."

Jumapili, baada ya ibada, Feleti alisimama mbele ya kwaya, mkeka wa heshima umefungwa kiunoni kwa desturi ya kwao, akasema yote bila kujitetea. Mama Mele, aliyemfundisha kuimba, alichukua mkoba wake akatoka.

Akapiga simu akiwa nje.

"Nimewaambia. Mama Mele hakunipa hata mkono."

"Vizuri. Hata mimi nisingekupa." Kalolaine akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Feleti alisubiri kiishe, hakuuliza kitu.

"Mapafu haya hayatapona," Kalolaine akasema. "Tukibahatika hayatazidi kuharibika. Kama huliwezi hilo, usije."

"Nitakuja. Ukinikubali."

"Njoo basi. Ukishabisha hodi, subiri. Siku hizi nafika mlangoni polepole."

Jioni hiyo Feleti alibisha hodi kwa Kalolaine mara moja tu. Akasimama kizingitini, kichwa kimeinama, akisikiliza nyayo zikisogea, zikitua, zikisogea tena.