Waya wa Manjano Ambao Mashine Haikuuona

Faustin alikufa wima. Mkanda wa usalama ulimshikilia kwenye nguzo ya zege, magoti yamelegea, mkono wa kulia umekamata waya mnene wa manjano. Wenzake walimnasua kwa mti mkavu na kamba ya nailoni, wakamlaza juu ya katoni katikati ya barabara ya mtaa uitwao Kenya.

Inspekta Kalenga alifika saa mbili asubuhi kwa pikipiki ya kukodi. Tangu vita vya mashariki vianze kumeza kila kitu cha serikali, gari la polisi halikuwa na mafuta. Waliomtuma walikuwa nayo.

Alipiga magoti kando ya maiti. Kiganjani palikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Nyingine ilikuwa gotini, pale lilipogusa chuma kilichofungwa kwenye nguzo.

"Umeme uliingia hapa, ukatokea pale," alisema.

"Ajali tu, Inspekta," alijibu Musonda, mhandisi mkuu wa Fil Propre, kampuni iliyopewa kazi ya kuondoa nyaya za kuiba umeme mjini. "Tulizima kwenye kabini, kule kwenye transfoma ya mtaa. Mashine ikawasha taa ya kijani. Kijani maana yake nguzo ni safi."

"Glavu zake ziko wapi?"

"Glavu zilikuwa za zamani, kabla ya mashine."

"Na kipimio chake cha umeme?"

"Tulivikusanya vyote. Vinachelewesha kazi." Musonda akatazama saa yake. "Mashine inaona kuliko jicho la mtu. Saa nane tunaendelea."

Mashine yenyewe ilikuwa mkono wa chuma mgongoni mwa lori, na kamera mbili juu yake. Kamera zilitazama nyaya zilizosokotana, zikatenganisha upi uko juu na upi uko chini, kisha vidole vya chuma vikakamata mmoja mmoja na kuuvuta. Aliyeiendesha alikuwa Dorcelle, msichana mwembamba.

"Nionyeshe vile iliona," Kalenga alimwambia.

Kwenye kioo cha kompyuta kila waya ulikuwa umechorewa mstari wa rangi yake: mwekundu, wa buluu, wa zambarau. Kalenga alitazama kioo, akatazama nguzo, akarudi kwenye kioo.

"Ule wa manjano uko wapi?"

Dorcelle alikuza picha. Waya ulikuwepo, mnene kama nyoka aliyeshiba, lakini hapakuwa na mstari juu yake.

"Haiuone, Inspekta. Kwake ile iko sawa ukuta."

"Ilizaliwa inajua waya?"

"Hapana! Tunaifundisha. Bamama banakaa mu bureau, ofisini, banachora na kidole juu ya kila waya kwenye picha. Picha maelfu. Wasipochora, haijue."

"Picha za mtaa huu nani alichora?"

Dorcelle alitafuta. Kila picha ilibeba jina la mchoraji. Nyaya za manjano zilikuwa za mgodini, watu walizing'oa mgodi ulipokufa, na katika picha zote zilionekana hapa Kenya tu.

"Mama Émerance," alisema polepole. "Aliziomba mwenyewe. Alisema anajua mtaa."

"Waya wa manjano umeonekana kwenye picha ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Na amechora mara ngapi?"

"Hakuna hata moja." Mtu aliyechoka husahau mara mbili, mara tano. Mia tatu na kumi na mbili si uchovu.

Kalenga hakuuliza nyumba. Aliufuata waya.

Upande mmoja uling'ata mstari mkubwa unaokwenda mtaa wa Golf, kwenye majumba ya wakubwa, mstari usiozimwa hata siku moja. Ndiyo maana kuzima kabini hakukusaidia kitu. Upande wa pili ulipita juu ya mabati, ukazunguka kanisa, ukashuka nyuma ya karakana ya fundi viatu, ukaingia dirishani.

Ndani, kifaa cha hewa kilikuwa kinanguruma chini ya kitanda. Mwanamume aliyekonda alikuwa amelala, mrija mwembamba puani. Mwanamke alikuwa anampangusa jasho.

"Karibu, papa," alisema mwanamke. "Muko polisi."

"Umejuaje?"

"Hakuna mwingine anavaa viatu vya ngozi humu."

Mgonjwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Serikali imefika kwa Alphonse! Miaka kumi na moja naingojea na dawa, inakuja na kalamu."

Kalenga hakukasirika. Mkewe Agnès alifia kwenye benchi la hospitali akitafuta hewa, siku ambayo jenereta iliwashwa kwa ajili ya ofisi ya mkurugenzi peke yake. Alivuta kigoda.

"Mama Émerance, waya huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Kwenye picha hukuuchora."

"Picha gani?" aliuliza Alphonse.

"Zote za mtaa huu," Kalenga alijibu.

"Émerance, picha gani?"

Mwanamke alikunja kitambaa mara nne kabla ya kujibu.

"Bwana yangu iko na mavumbi ya mgodi mu mapafu. Mgodi ulikufa, dispensaire yake ya dawa ikakufa, banganga bakaenda. Bila courant, bila umeme, saa moja tu, midomo inakuwa bleu. Mu bureau nikasikia bataanza na Kenya. Nikawaza: mashine isipoona waya wangu, haitaukamata. Ni ile tu."

"Na mtu atakayepanda baadaye? Leo asubuhi mmoja amekufa kwa waya huu, kipimio chake kilikusanywa na kampuni."

"Angepima!" Sauti yake ilipasuka. "Bantu ba umeme banapima, papa. Huyu bwana yangu alipima nyaya za mgodi miaka makumi mbili chini ya udongo, hata waya uliokatwa, hata ule alipima mwenyewe jana yake. Njo vile bote balifundishwa. Nilijua atapima, ataona moto, atauacha. Nani angewaza batabanyanganya vipimio?"

Kifaa kiliendelea kunguruma.

"Iko nani, mwenye alikufa?" aliuliza Émerance.

"Faustin. Mke wake Clotilde, wa mtaa wa Makomeno."

"Basi nimeua bwana ya muntu juu bwana yangu apumue."

Alphonse alinyanyua mkono, akauvuta mrija kutoka puani. "Zimeni. Sitaki hewa ya namna hii."

Émerance alipiga kelele. Kalenga ndiye aliyemfikia kwanza, akaurudisha mrija mahali pake, akaushika hadi mzee akaacha kupigana.

Saa nane Musonda alikuwa chini ya nguzo na watu wake na makasi marefu. Alikuta utepe wa polisi umezungushwa na askari amesimama. Kalenga alimsomea ripoti kwa sauti.

"Waya wa manjano ni kielelezo cha mahakama. Usikatwe, usizimwe, usiguswe, hadi hakimu auone ukiwa kama ulivyokuwa marehemu alipofariki."

"Yaani na umeme ndani?"

"Kama ulivyokuwa."

"Mahakimu wamegoma tangu Pasaka!"

"Nimesikia."

"Na yule mwanamke unamwacha?"

"Amekiri. Yuko chini ya ulinzi, atashtakiwa kwa kusababisha kifo. Jina lako liko juu ya lake. Nani aliamuru vipimio vikusanywe?"

"Amri ilitoka juu."

"Zote hutoka juu. Naandika mkono uliovikusanya."

Émerance alikabidhi chungu cha uji kwa jirani, akamwonyesha namna ya kusafisha mrija, akapanda pikipiki nyuma ya inspekta. Hakufungwa pingu.

"Papa," alisema, "tupitie Makomeno kwanza."

"Kufanya nini?"

"Ingénieur Musonda atamwambia Clotilde ilikuwa ajali. Asikie kwangu."

Kalenga akamgusa dereva begani, akamwonyesha njia ya Makomeno.